Kijumbe Anakuweka wa Ngapi?

Watu kumi wanacheza mchezo. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa shilingi 50,000, na mmoja wao anaondoka na 500,000. Zikiisha wiki kumi kila mtu amepokea mara moja. Riba hakuna, karatasi hakuna, mwanasheria hakuna. Ukiutazama juujuu utasema wote wamepata sawasawa, lakini hesabu inakataa. Aliyepokea wa kwanza amekopeshwa: siku ile ametoa 50,000 zake, hizo 450,000 nyingine ni za wenzake, naye atazirudisha pole pole kwa wiki tisa. Wa mwisho amekuwa akiwakopesha wenzake wiki tisa mfululizo, ndipo akarudishiwa chake. Kwa hiyo nani apokee lini ni jambo zito, na mwenye kuliamua ni kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo.

Wapo vijumbe wanaopiga kura ili kukwepa lawama. Wa mtaani kwetu hapa Temeke hapigi kura. Ni mama wa makamo anayeuza mkaa, ameendesha mchezo miaka mingi, na orodha anaipanga kwa kichwa chake, kwa kuwa mtu akishapokea akatokomea, watakaodai watakwenda kugonga mlango wa kijumbe. Mzunguko mmoja, orodha ilipotoka niliisoma mara mbili. Wa kwanza alikuwa mama ntilie wa pale kituoni, mtu ambaye mvua ikinyesha asubuhi hauzi hata sahani kumi. Mtu mmoja mwenye ajira ya kudumu, mshahara unaingia benki kila mwezi, alikuwa wa tisa. Nilimfuata kijumbe, nikamwamkia, nikamuuliza anapangaje.

"Mwanangu, mimi sipangi. Kila mtu anajipanga mwenyewe, mimi naandika tu."

Nikambana. Akanieleza kwamba mama ntilie hutuma fedha Ijumaa usiku. Akijua hatafikisha, Alhamisi anakuja mwenyewe kusema, tena anataja siku atakayomalizia. Yule mwenye mshahara hajawahi kukosa kulipa, hilo alikiri. Ila hulipa baada ya simu ya tatu, na kila simu ina hadithi yake: mara mtandao unasumbua, mara yuko kikaoni, mara yupo njiani. "Sasa nikimpa za kwanza, hizo simu tatu zitakuwa ngapi?"

Mwenye mshahara huyo ni mimi.

Tangu siku ile nimeanza kuyatazama maisha ya watu kwa jicho la kijumbe. Nafasi nyingi za kazi ninazozijua hapa mjini hazikuamuliwa siku ya usaili. Ziliamuliwa kabla, pale bosi alipomgeukia mtu wake akamuuliza, "Huyu unamfahamu? Yukoje?" Posa nayo ni hivyo hivyo: mshenga akishaaga, wazee humtuma mtu kwenye mtaa wa kijana akaulizie. Mwenye nyumba humpigia simu mwenye nyumba uliyetoka kwake. Kule Kariakoo, Mtaa wa Kongo, mwenye duka la jumla hakupi mali kauli kabla hajamsikia jirani yake anasemaje juu yako. Mali kauli, kwa asiyeifahamu, ni mzigo unaochukua leo na kulipia ukishauza. Dhamana yake ni kauli yako na hakuna kingine. Katika mazungumzo yote hayo wewe hupo. Anayekusemea ni tabia yako, tena ile ya mwaka juzi ambayo wewe umekwisha kuisahau.

Ninaposema mtu ana mkono katika majaliwa yake, nakusudia hilo tu. Siwaungi mkono wahamasishaji wanaokodi ukumbi na kuwaambia vijana kwamba wakiamka saa kumi alfajiri na kujisifu mbele ya kioo watatajirika. Mja hana hiyari. Hakuna aliyechagua wazazi, wala mwaka wa kuzaliwa, wala kama kijijini kwao kutakuwa na shule. Lakini ukiondoa yale yanayoshuka kutoka juu, sehemu kubwa ya yanayobaki hupitia mikononi mwa watu kabla hayajakufikia, na watu hao hawana kipimo kingine ila walivyokuona ukifanya.

Mtu atanijibu kwa methali: tabia haina dawa. Ni methali ninayoisikia zaidi kwa wanaojitetea kuliko kwa wanaohukumu. Hoja hiyo ni ya kale sana. Imamu Ghazali, aliyezaliwa Tus huko Khurasani mwaka 1058 na kufariki mwaka 1111, aliikuta katika zama zake na kuijibu ndani ya kitabu chake kikuu, Ihya. Kama tabia haibadiliki, aliuliza, basi mawaidha yote ni ya nini? Na mbona mwewe wa porini hufugwa akamzoea mtu, na farasi mkaidi akafunzwa akatulia? Mfano wake ninaoupenda ni wa kokwa ya tende. Kokwa si mtende, wala si mtufaha. Ukiitunza yaweza kuwa mtende. Mtufaha haitakuwa kamwe, hata uimwagilie mpaka kiyama. Ubishi wetu wote kuhusu kudura na juhudi umo ndani ya kokwa hiyo: aina ya mti hukuchagua, lakini kama utakuwa mti au utabaki kokwa kavu, hapo mkono wako umo.

Dawa ya Ghazali nayo haina uchawi. Bahili anayetaka kuwa karimu, asingoje moyo ulainike ndipo atoe. Atoe huku roho inamuuma, arudie, arudie tena, mpaka siku moja ajikute ametoa bila kuumia. Kitendo hutangulia, moyo hufuata. Wengi wetu tunangoja kinyume chake, na tunangoja sana.

Neno lenyewe tabia limetoka katika Kiarabu, na shina lake ni lile lile lililozaa neno matbaa, kiwanda cha kupigia chapa. Shina hilo lina maana ya kugandamiza, kutia alama. Kwa hiyo tabia ni chapa: kitu kimegandamizwa juu ya kitu kingine mara kwa mara mpaka alama ikabaki. Ndiyo maana mtu ninayemkumbuka kila nikiwaza habari hizi ni mpiga chapa kwa kazi yake, Benjamin Franklin wa Marekani.

Wengi wanamjua kwa sura yake kwenye noti ya dola 100. Alizaliwa Boston mwaka 1706, mtoto wa mtengeneza sabuni na mishumaa mwenye watoto 17. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi. Akiwa na miaka 17 alitoroka kwa kaka yake aliyekuwa akimfundisha kazi, akafika Philadelphia hana mtu, hana kitu. Alipofungua kiwanda chake cha chapa mwaka 1728, alikifungua kwa fedha za kukopa, na mjini walikuwapo wapiga chapa wengine waliomtangulia. Sasa msikilize alivyofanya, kwani kijumbe wetu angempenda. Karatasi alizonunua madukani alizisukuma mwenyewe kwa mkokoteni katikati ya mji, mchana kweupe. Alivaa nguo za kawaida. Hakuonekana kwenye sehemu za starehe. Alieleza baadaye bila haya kwamba alijitahidi kuwa mchapakazi, na pia alihakikisha haonekani vinginevyo, kwa sababu alijua wenye karatasi na wenye kazi wanamtazama. Mshindani wake mmoja, kijana mwenye ndugu na marafiki wenye uwezo, alivaa kibwanyenye, akapenda matembezi, akakopa, akaiacha kazi ijiendeshe. Wateja walimhama mmoja mmoja mpaka akafunga na kuondoka kwenda Barbados.

Wapo wanaomwona Franklin mnafiki kwa mkokoteni ule. Mimi nimebishana na nafsi yangu juu ya jambo hili na bado sijamaliza. Kujionyesha kuna sumu yake. Tunawajua watu wanaotoa sadaka mbele ya kamera na nyumbani mtumishi hajalipwa. Lakini mkokoteni ulikuwa na karatasi za kweli, na usiku taa ya kiwanda iliwaka kwa kazi ya kweli. Mtu anayefanya kazi kisha asifiche kwamba anafanya kazi hajamdanganya mtu.

Jambo lake la pili ndilo nililoiga. Alitengeneza kijitabu, akaandika humo sifa njema 13: kiasi, ukimya, utaratibu na nyinginezo. Kila sifa ukurasa wake, kila ukurasa una safu saba za siku za wiki. Jioni alijihesabu, na kila alipoteleza alitia doa jeusi. Wiki moja aliishughulikia sifa moja, na kwa kuwa 13 mara nne ni 52, alizunguka mara nne kwa mwaka. Alistaajabu kukuta madoa ni mengi kuliko alivyotarajia. Utaratibu ulimshinda mpaka uzeeni. Unyenyekevu haukuwamo mwanzoni. Aliuongeza baada ya rafiki yake kumwambia kwamba watu wanamwona ana majivuno. Na kipo ambacho kijitabu hakikukamata: alimiliki watumwa miaka mingi, na ni mwishoni tu mwa maisha yake, mwaka 1787, alipochukua uongozi wa chama cha kupinga utumwa cha Pennsylvania. Kijitabu huonyesha madoa ya yale uliyoyaandika humo tu.

Mimi sikuandika sifa 13. Niliandika neno moja: njiani. Mtu wa Dar es Salaam anajua uzito wa neno hilo. Simu inaita, uko Mbezi umefunga taulo, na kinywa chako kinasema, "Nipo njiani, nimefika Ubungo." Hakuna anayeuita uongo. Nilinunua daftari la shilingi mia tano, nikaamua kwamba kila nikisema nipo njiani nikiwa sijatoka ndani, natia doa. Wiki ya kwanza madoa yalikuwa 14. Nilidhani ningekuta mawili matatu.

Nikajifunza jambo ambalo nakushauri uanze nalo. Kuapa hakusaidii. Niliapa Jumapili, Jumatatu nikatia madoa matatu. Kilichosaidia ni kuwa na maneno mengine tayari mdomoni: "Bado sijatoka, nitatoka saa mbili na nusu." Ni sentensi ngumu kuitamka mara ya kwanza, inakufanya ujione mzembe, na ndiyo faida yake. Fedha za mchezo nazo sikuziachia tena kumbukumbu yangu. Nilichukua laini ya pili ya simu, mshahara ukiingia nahamishia huko 200,000 za mwezi mzima, na Ijumaa kabla ya chai natuma. Sikugeuka kuwa mtu mwema kwa sababu ya laini ya simu, lakini nafasi za kufanya vibaya zilipungua. Anayetaka kuacha pombe na bado anakaa kijiwe kile kile anajipa mtihani kila jioni pasipo sababu.

Chagua kitu kimoja, tena kidogo kiasi cha kukufanya uone haya. Usiandike "kuwa mwaminifu". Huwezi kuhesabu hilo jioni. Andika "kurudisha nilichoazima siku niliyosema." Na kama hujui uanze na kipi, Ghazali ametaja njia nne za mtu kuzijua aibu zake: mwalimu mwenye busara, rafiki mkweli, kuwatazama watu na kujipima kwao, na ulimi wa adui. Hiyo ya mwisho ni ya bure na haina subira ya kukubembeleza. Kumbuka tusi la mwisho ulilotukanwa na jirani mliyegombana. Ondoa chumvi, ondoa pilipili, tazama kilichobaki chini ya chungu. Mara nyingi ni kitu ambacho mkeo au mumeo amekuwa akikisema kwa upole kwa miaka mitano.

Kuhusu madeni nitasema zaidi kidogo, kwa sababu majina mengi huzikwa humo. Tunasema dawa ya deni ni kulipa, na ni kweli. Lakini ipo huduma ya kwanza kabla ya dawa, nayo ni kupiga simu kabla ya siku kufika. Mzee mmoja wa vitenge pale Kariakoo aliniambia kwamba katika daftari lake hawaogopi wasiokuwa nacho. "Anayekuja kuniambia amekwama, huyo atalipa. Anayeanza kupita mtaa wa nyuma, huyo hela yangu ameshaila." Siku hizi hata mashine zimeingia katika biashara hiyo. Tangu huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ianze Kenya mwaka 2012, simu yako imekuwa mwenye duka: ukirejesha mapema kiwango kinapanda, ukichelewa kinashuka. Mashine haikujui hata kwa jina la utani, haijui ulichelewa kwa sababu ya msiba au ya harusi. Afadhali mzee wa vitenge, ambaye unaweza kumweleza.

Kuna kosa jingine tunaloliita uvivu kimakosa. Mtazame fundi cherehani mwezi wa Ramadhani. Ana uwezo wa kushona nguo 25 mpaka Idi, amepokea vitambaa 40. Halali usiku, macho mekundu, na bado asubuhi ya Idi watoto 15 wamesimama mlangoni wakilia. Huyu si mvivu. Ameshindwa kutamka neno "sitaweza" mara 15. Ahadi ni deni, kwa hiyo kila ahadi unayoitoa ili kumfurahisha mtu kwa dakika moja ni mkopo unaouchukua bila kuangalia riba. Ukiona watu wanakupenda unapoahidi na wanakulaani siku ya kutimiza, tatizo lako liko kwenye ulimi, hata uongeze saa za kazi.

Sasa kuna msomaji anayesema moyoni: haya ni ya waliozaliwa na jina safi. Mimi ukoo wangu umeshasemwa, sura yangu imeshachekwa. Nitamkumbusha Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, kiasi cha mwaka 1880, katika familia maskini, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza. Alipohamia mjini mwaka 1911 alikuwa mtu mzima, hajui kusoma wala kuandika, akaanza kujifunza uimbaji na ala kwa walimu kama mwanafunzi mdogo, nyimbo za Kiarabu akizishika kwa sikio na moyo. Waliomwonea gere walimtungia nyimbo za kuicheka asili yake na sura yake. Alijibu kwa nyimbo, kisha akaendelea na kazi. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri, na sauti yake ikaenea pwani nzima. Alipofariki mwaka 1950 jina la Mtumwa lilikuwa limesahauliwa. Amebaki Siti, yaani bibi, na Shaaban Robert akaona wasifu wake unastahili kitabu. Sauti alipewa, hilo hatulikatai. Ndiyo kokwa yake. Lakini kukaa chini kujifunza herufi za sanaa ukiwa na miaka thelathini, huku mji unakucheka, hakuna aliyempa hilo.

Na aliyeharibu kwa mikono yake? Namjua kijana aliyekula rambirambi. Alikabidhiwa fedha za msiba azifikishe kwa wafiwa, akazitumia, na mtaa mzima ukajua. Alikuja kwangu kutaka ushauri, akidhani nitamwandalia maneno ya kuomba radhi. Radhi aiombe, nilimwambia, mara moja, kwa ufupi, kwa wafiwa wenyewe, na bila neno "lakini" ndani yake. Kisha alipe, hata elfu kumi kumi. Kwa muda mrefu asishike fedha za mtu, na akipewa akatae. Na katika mchezo akubali kuwekwa wa mwisho bila kununa. Wa mwisho hutoa wiki tisa mbele ya macho ya watu tisa, hajapokea hata senti. Sijui njia nyingine inayomsafisha mtu haraka kuliko hiyo, nayo yenyewe si ya haraka. Aliniuliza itachukua muda gani. Nilimwambia ahesabu muda aliotumia kula, aanzie hapo kuzidisha.

Siwezi kumaliza bila kusema kwamba wema hauna bima. Namfahamu mzee aliyekuwa mhasibu katika ofisi moja. Alikataa kutia sahihi hati za malipo ya mzigo ambao haukuwahi kufika. Alihamishwa mbali, akakaa huko mpaka anastaafu, cheo hakikupanda. Waliotia sahihi walijenga. Ukimtembelea kwake utakaa kwenye benchi la mbao, na yeye mwenyewe hasemi kwamba alishinda. Nilimuuliza kama anajuta. Alifikiri kwanza, jambo lililonifanya nimwamini, kisha akasema kuna siku alijuta, hasa za ada za watoto. Hata hivyo, ndugu zake wakigombania shamba huwa wanamwita yeye akashike ncha ya kamba wakati wa kupima. Sijui kama hiyo ni malipo ya kutosha, na ningekuwa mimi sijui ningetia sahihi au la.

Mzunguko mpya wa mchezo umeanza Jumamosi iliyopita. Kijumbe alipita na daftari lake lenye vumbi la mkaa, akatusomea orodha pale pale barazani. Mama ntilie wa kwanza tena. Kijana wa rambirambi wa kumi, akaitikia. Mimi wa sita. Nilikaribia kumuuliza kwa nini si wa tano, nikakumbuka Jumamosi moja ya mwezi Machi, mvua kubwa, nikiwa nimekaa kitandani na simu sikioni, nikimwambia kwamba nimefika Ubungo.